Chini ya Jiko la Ntebaleng

Ntebaleng Mokgatle alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mjane wa mchimba dhahabu, mfuaji wa nguo, na sikuwahi kumwona akiogopa mbwa wala mwanamume. Kilichomvunja ni ufa. Ulianza mlangoni mwa jiko, ukatambaa hadi kwenye sinki, na kabla ya Pasaka mlango ukagoma kufunga.

Sote tulijua maana yake. Mtaa wetu umekaa juu ya jiwe linaloliwa na maji. Mwaka uliopita, mtaa wa pili, ardhi ilimeza gari la bwana mmoja, Rra Sebogodi kama tunavyomwita kwa heshima, asubuhi kweupe, mwenyewe yuko barazani anakunywa chai.

Manispaa ikamtuma mpimaji, Tshenolo, mtu wa makamo mwenye miwani. Chombo chake kilikuwa kama ndoo juu ya miguu mitatu. Akatuomba tusitembee, tusikitikise.

"Unapima nini, Rra?" Ntebaleng akauliza.

"Napima jinsi ardhi inavyotuvuta, Mma."

"Si inavuta sawa kila mahali?"

"Karibu sawa. Ila kinachovuta ni vitu vyenyewe, wingi wake. Kila jiwe linavuta. Tofali hili linavuta. Hata wewe unanivuta, kidogo sana."

"Hilo kamwambie mkeo," nikasema, naye akacheka.

"Humu ndani mna springi inayoning'iniza kidude kizito," akaendelea. "Chini kukiwa na mawe mengi, kidude kinavutwa zaidi. Mawe yakipungua, kinapanda kidogo. Jicho halioni, chombo kinaona."

Alipomaliza uani, akaingia jikoni, akapima mara moja. Akafuta miwani, akapima tena. Mara ya tatu hakutania.

"Hapa panavuta pungufu kuliko uani."

"Pungufu, ndiyo nini?"

"Chini yako mawe hayatoshi, Mma. Huenda ni udongo laini, huenda ni shimo. Toka, ila polepole."

Ntebaleng hakutoka. Aling'ang'ania ukingo wa sinki, kana kwamba sinki nalo halikusimama juu ya sakafu ileile. Tshenolo akamshika mkono, akamtoa hatua kwa hatua, na mkono ule ukabaki na alama za kucha.

Tangu hapo Ntebaleng alipikia nje. Wifi yake, Kelebone, alimchokoza: "Wenzio wanajinyima mkate wapungue uzito, wewe umepungua kwa kusimama jikoni tu." Hakucheka. Aliniambia anahisi kuna kitu chini kinamsikiliza.

Wiki iliyofuata ukaja mtambo wa kutoboa. Chuma kilisaga jiwe kwa kelele, mita sita, saba, nane. Ghafla kelele ikakatika, na nondo ndefu ya mtambo ikadondoka yenyewe kama iliyoachiwa kisimani. Ntebaleng akakaa chini, akakumbuka amekaa juu ya nini, akainuka upesi.

Alihamishiwa ng'ambo ya reli, penye mwamba mgumu, na nyumba yake ikabomolewa kabla haijaanguka. Sisi majirani tuliandikwa kwenye orodha ya kupimiwa.

Julai nilimtembelea. Alinipakulia uji mchachu, akaniuliza kama nimeshapimiwa.

"Bado," nikasema. "Wanasema mwezi ujao."

Aliingia chumbani, akatandika godoro la pili, akachukua funguo zangu mezani na kuzitia mfukoni mwa aproni yake. Nilikaa kwake siku nne, na sikuziulizia.