Verb za hasira nilizotumiwa kutoka jikoni kwa kina Wanjiru

Wakuu, salamu kwenu nyote mlio online jioni hii.

Kisa hiki ni changu mwenyewe na nitakisimulia bila kuongeza chumvi. Chumvi yenyewe imo ndani, mtaiona mbele.

Mimi ni Mluhya, kazi yangu ni IT support kwa ofisi moja Upper Hill. Mpenzi wangu Wanjiru anafundisha Kiingereza shule ya msingi pale Muthangari. Kwao ni Kangemi, na hawajapanga. Babake ndiye landlord, plot ni ya familia tangu zamani.

Huyo mzee anajulikana kwa hasira. Wapangaji wake wakisikia gate limefungwa kwa nguvu, wanapunguza redio.

Wanjiru anampenda sana na humfanyia mzaha. Akifundisha darasa lake verb za hasira, huzipanga akimfikiria babake, ila watoto hawajui.

Bristle, shingo imesimama lakini bado anaongea. Seethe, amenyamaza na moto uko ndani. Fume, sasa anapumua kwa pua na vyombo vinaanza kugongana. Explode, hiyo tafuta njia.

"Babe, vitabu husema hizi ni synonyms," huniambia. "Kaa na dad wiki moja utaona tofauti."

Basi ikafika Jumamosi ya kupelekwa kwao nijulikane.

Babangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hivyo sikuwa na wa kuniambia mwanaume hukaaje mbele ya baba mkwe. Na Wanjiru alikuwa ameniambia wazi kwamba babake akinikataa, yeye hataniacha, lakini hatakuwa na raha tena. Hilo ndilo lilininyima usingizi.

Mzee alinisalimia vizuri. Akauliza kwetu ni wapi, nikasema Kakamega. Akaguna, akaelekea jikoni walikokuwa Wanjiru na shangazi yake wakipakua chakula. Mimi nikabaki sebuleni na mamake, tukitazama TV ambayo hakuna aliyekuwa anaifuata.

Simu ikatetemeka. Ni Wanjiru.

"Dad ameanza ku-bristle."

Nikarekebisha kola.

"Sasa ni seethe. Amenitoa jikoni, amebaki na shangazi. Niko nje kwa mlango wa nyuma, sijui ni nini."

Nikaanza kujikagua. Ni viatu? Ni kazi? Ama ni kabila, kitu ambacho hakuna aliyekitaja na mimi nilikuwa nimekifikiria tangu asubuhi?

"Fume."

Hiyo hakuhitaji kuniandikia. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikipiga sinki. Mama Wanjiru akanisogezea glasi.

"Kunywa soda. Huyo ni hivyo tu."

Mtu akikwambia "huyo ni hivyo tu" kwa upole namna hiyo, jua ameishi naye na amemsamehe mengi. Lakini mimi nilikuwa mgeni, nikaishika tu glasi.

Kisha mzee akalipuka kwa Kikuyu. Sikuelewa hata neno moja. Verb ya mwisho, explode, ilipofika kwa simu, niliicheka kidogo kwa uoga, halafu nikaangalia mlango.

Mzee akaingia na sahani ya kuku. Akaiweka mbele yangu, akabaki amesimama.

"Kijana, nimekukosea."

Nikaweka glasi chini.

"Niko na tenant wa huko kwenu. Nilimuuliza mgeni wa maana mnampea nini. Akaniambia kuku, na firigisi ikae juu ya sahani aione. Nikaenda soko mwenyewe, nikachagua jogoo. Sasa dada yangu, eti anaonja chumvi, ameimaliza firigisi yote."

Shangazi alikuwa mlangoni, ameshika mwiko.

"Mimi nilidhani ni nyama tu kama zingine," akasema.

"Wacha. Huyu ataenda kwao aambie mamake hatukumkaribisha."

Wakuu, sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka. Zile verb zote nilizokuwa nazihesabu kama hukumu yangu, zilikuwa za kunitetea.

"Nitamwambia nimekaribishwa, baba," nikajibu.

Hilo neno lilitoka lenyewe. Sikuwa nimemwita mtu hivyo tangu utotoni.

Mzee akakaa. Akanisogezea ile sahani ya kuku.

"Jumapili ijayo utarudi," akasema. "Hiyo nitapika mimi."

Nilirudi. Alipika kweli, na shangazi akakatazwa kukaribia jiko. Firigisi ikaja peke yake kwenye kisosi, chumvi imezidi kabisa. Nikaikata vipande viwili, kipande kimoja nikamwekea yeye. Alikitazama kidogo kabla ya kukila, akafuta macho, akasema ni pilipili. Pilipili haikuwepo.

Wanjiru alikuwa ameketi kando yangu na bado akanitumia message: "Leo sina verb ya dad."

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kujua hasira ya mtu imefika ngazi gani na bado usijue anakasirika kwa ajili ya nani. Siku hizi mzee akibamiza gate, mimi hutoka nje kumuuliza kuna nini.

Haya, nimemaliza. Nani mwingine humu amewahi kutetemeka mbele ya hasira, kumbe ni yeye anayepiganiwa? Na kama kuna Mluhya anayejua kupima chumvi ya firigisi, aniandikie, nimpelekee mzee.