Karai Uani kwa Mjane

Mjane yule hakuitikia shikamoo yangu. Alisimama katikati ya mchicha wake, mikono kiunoni, akatutazama sisi vibarua watatu na machepe yetu kama mtu anayetazama mbwa waliokula kuku wake.

"Mnakuja kuchimba kwangu? Kachimbeni kwa mama zenu."

Ilikuwa upande wa Geita, miaka ya tisini, nilipokuwa nikihama machimbo hadi machimbo. Shule niliiacha darasa la tano, lakini jambo nisilolijua lilikuwa linaniwasha mwili mzima, na kwa udadisi huo nilijiunga na mradi wa kuondoa udongo wenye sumu. Marehemu mume wa mjane alikuwa akisafishia dhahabu uani kwa zebaki, miaka na miaka. Mtaalamu wetu, mtu wa Dar es Salaam, alitaka bustani ikwanguliwe kina cha shubiri mbili, udongo ukafukiwe mbali, kisha uletwe mwingine wa mlimani.

"Tangu lini mtu akabeba udongo bure?" mjane aliuliza. "Mume wangu kafa, sasa mnataka na mabaki yake. Watoto wangu wale nini? Hotuba?"

"Mama huyu hajui kitu," mtaalamu akatuambia.

"Sijui kitu? Haya, wewe unajua. Njoo upalilie basi, na hivyo viatu vyako."

Majirani waliokuwa wameegemea ua wa minyaa wakacheka. Hapo nikajitia ujuzi. Nilitoa karai langu, nikachota udongo chini ya mchicha, nikausuuza mbele ya wote. Nilitaka aone zebaki kwa macho yake. Likabaki tone jeupe.

"Umeona, mama? Sumu hiyo."

Akainama, akalibonyeza kwa kidole. Halikukimbia kama zebaki tupu. Lilikuwa zito, limeshiba. Kila mchimbaji pale alijua maana yake.

"Limeshika dhahabu," jirani mmoja akasema, tena kwa sauti ya chini mno.

Jua halijageuka, majirani walirudi na majembe na magunia. Mjane aliwakabili kwa mpini, akampasua mmoja sikio, wengine wakampita pembeni. Alasiri bustani ilikuwa shimo, mchicha umesagwa tope, na udongo wote uko kijitoni unaoshwa, pale pale kijiji kinapochota maji.

Mtaalamu akashusha futi shimoni. "Shubiri mbili zimepita. Hapa pamesafishwa." Akaandika. Udongo wa mlimani haukuletwa. Kazi ilishaandikwa kuwa imekwisha.

Nilitegemea mjane amtukane yeye. Alinijia mimi.

"Huyo hata karai hajui kulishika," alisema. "Wewe ndiye uliyewaonyesha."

Nilidandia lori la kwenda Buseresere bila kumuaga mtu.