Kibuyu Kisichoonjwa

Nilipoolewa hapa Igurwa nikitokea Shinyanga, nilidhani habari za wachawi nimeziacha nyumbani. Thubutu! Kwetu mtu hutazamwa macho. Bibi kizee aliyepikia samadi kavu maisha yake yote, macho yakawa mekundu kwa moshi, basi huyo kwisha habari yake, ni mchawi. Huku Karagwe macho yako hayamshughulishi mtu. Huku unatazamwa mkono unaotoa kikombe. Mtu akiumwa tumbo akafa, utasikia watu wananong'ona, "Kalishwa," yaani katiliwa sumu. Ndiyo maana mwenyeji akikukaribisha rubisi, ile pombe yao ya ndizi, huinywa kwanza yeye mbele yako, ukamwona anameza, ndipo akupe. Mara ya kwanza nilicheka. Mama mkwe akaniambia nifunge mdomo, hiyo ni heshima.

Yeye mwenyewe rubisi haigusi. Ni mlokole, Mlutheri wa kwaya ya akina mama, na tangu alipookoka hata ndizi iliyoiva kupita kiasi huitazama kwa mashaka. Mimi humtania kwa hilo, naye hunijibu kwamba watu wa kwetu hatuna breki mdomoni.

Jirani yetu wa upande wa bondeni ni mjane mzee, na rubisi ndiyo kazi yake. Mwaka juzi kijana mmoja wa hapo jirani, dereva wa bodaboda, alikunywa kwake akiwa na wenzake. Wiki haikuisha, akafa. Hospitali walisema ini lake lilikuwa limeharibika siku nyingi. Nani wa kusikiliza? Hata kaburi halijachimbwa, neno lilishaenea: bibi yule kamlisha. Watu wakakata mguu kwake. Akikutolea kahawa za kutafuna, unasingizia una haraka. Vijana wa ukoo wa marehemu wakasema waziwazi kwamba siku ya kuanua matanga bibi ahame, aende kwa binti yake huko Kaisho, na akikaidi watamtoa wao. Yaani aache shamba lake na kaburi la mumewe, akawe mgeni kwa mkwe uzeeni! Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Ila nisidanganye, rubisi yake nami nisingeinywa.

Matanga yalianuliwa Ijumaa mchana. Kila jirani alileta chochote, huyu mkungu wa ndizi, yule maharage. Mjane naye akaja na kibuyu chake kichwani, peke yake. Akasalimia, wakaitikia wachache. Akapiga magoti mbele ya mama wa marehemu, akamimina rubisi kwenye kikombe ili aonje kama ilivyo desturi. Nyingine ikamwagikia kanga. Wale vijana walikuwa wamesimama mlangoni mwa ua, wakisubiri amalize.

Mama mkwe akainuka kwenye nyasi alipokuwa ameketi nami. Nilidhani anaenda msalani. Kumbe alimwendea mjane, akakichukua kile kikombe kabla hakijafika mdomoni, akanywa yeye. Bila kuonjewa! Mtu wa huku akinywa hivyo ni kama amesimama akatangaza kwamba huyu simtilii shaka hata kidogo. Alikinywa chote, mlokole wangu, uso umemkunjamana kwa ukali wa pombe, kisha akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge.

"Nimeishi na huyu tangu nikiwa bibi harusi," akasema. "Nikifa, mfukuzeni. Nikiamka, mtu asimguse."

Hakuna mwingine aliyekunywa. Vijana wakaangaliana, wakaondoka mlangoni mmojammoja.

Asubuhi tulipata wageni wa ajabu. Wa kwanza alikuwa anatafuta kuku wake, wa pili anaomba kiberiti, wa tatu hakukumbuka hata alichokuja kuomba. Mama mkwe alikuwa kwenye migomba anapalilia, kitambaa amekikaza kichwani kwa sababu kichwa kilikuwa kinamgonga vibaya. Kila shikamoo aliijibu, "Marahaba, nimeamka," kisha akaendelea na jembe lake. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilijivunia mwanamke yule kana kwamba ndiye aliyenizaa.

Halafu akaja mama wa marehemu. Hakusingizia kuku. Alimtazama mama mkwe, akaketi palepale kwenye majani makavu.

"Mama, nimekesha naomba ufe," akasema. "Ungekufa, ningemjua aliyeniulia mwanangu. Sasa nimchukie nani?"

Hasira zikanipanda, nikafungua mdomo. Mama mkwe akanionyesha kiganja, ninyamaze. Akaweka jembe chini, akaketi naye, akamvutia kifuani.

"Usimtafute wa kumchukia," akamwambia. "Mlilie mwanao."

Yule mama akaangua kilio. Msiba mzima alikuwa mkavu, anazungumza habari za bibi tu, bibi tu. Sasa alilia mpaka na mimi nikalia, jamani, nisijue hata namlilia nani.

Kilio kikafika bondeni. Mjane alipokisikia alidhani mama mkwe amekufa. Alipanda kilima mbio, peku, analia kwa sauti, na mgongoni amejifunga furushi la nguo, kumbe alishafungasha usiku. Hata yeye alikuwa ameiogopa rubisi yake mwenyewe! Alipomwona mama mkwe yu mzima, ameketi chini ya mgomba, alisimama ghafla, fundo likafunguka, furushi likaanguka.

Mama wa marehemu alijifuta macho. Akainuka, akaliokota furushi, akalikung'uta udongo, akajitwika. Akatangulia kuteremka bondeni, na mjane akamfuata nyuma mpaka nyumbani kwake.