Ruhusa ya Mguu Peke Yake

Mpaka leo nikikumbuka jambo hili naudhika. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa nikipima kahawa katika kiwanda cha ushirika upande wa Wamagana, karibu na Nyeri. Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mtoto, lakini mizani haisomwi kwa miguu. Nilikaa kwenye stuli, mkulima akaning'iniza gunia lake, nikataja uzani, basi. Niliipenda ile stuli.

Asubuhi moja mwenyekiti wa ushirika alikuja akaniambia, mbele ya foleni nzima ya wakulima, kwamba nimezeeka na mguu wangu unachelewesha watu, kwa hiyo mpwa wake angekaa pale. Damu ilinichemka. Mimi na huyo mwenyekiti tulitahiriwa siku moja, kando ya mto mmoja. Kama mimi nilikuwa mzee, yeye alikuwa nani, mwanafunzi? Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nilitaka kwenda kwa afisa wa kazi mjini Nyeri siku ile ile. Mke wangu akanizuia, na hakukosea. Kwetu, mtu hamshtaki mwenzake wa rika, aliyetahiriwa pamoja naye, serikalini kabla rika lenyewe halijamruhusu. Ukikaidi, wanakutenga. Binti yetu alikuwa karibu kuposwa, na bila watu wa rika langu ningeketi mbele ya wageni peke yangu kama mtu asiye na kwao. Basi nikachinja mbuzi, nikawaita.

Walikuja wote, na mshtakiwa ndiye aliyetangulia. Alikatiwa ubavu mzima, maana mwenyekiti ni mwenyekiti. Nikaeleza shida yangu huku wakitafuna. Kisha wakaanza kujibu, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Wakanikumbusha kwamba mwaka uliotangulia rika letu zima lilikuwa limetoa mbuzi wa kuingia baraza la wazee, nami nilikuwa nimetoa wangu nikijigamba kila nyumba. Sasa ningeendaje kumwambia afisa kwamba mimi si mzee?

Nikasema sikatai uzee, nasema tu kwamba sote tuna umri mmoja. Wakasema ni yale yale. Nikitaja umri wangu nimetaja wa kila mtu, na mmoja wetu alikuwa dereva wa serikali aliyejipunguzia miaka alipoandikwa kazi. Hakutaka habari hiyo ifike mjini hata kidogo.

"Lakini huyu ndiye alianza maneno ya uzee," nikasema, nikimwonyesha mwenyekiti.

"Yeye alisema ya kwako," dereva akajibu. "Wewe unataka kusema ya sisi wote."

Waliendelea hivyo hadi mifupa ikabaki mitupu. Mwishowe wakanipa ruhusa: niende Nyeri, ila nizungumzie mguu tu. Umri usinitoke mdomoni. Nikakubali, kwa kuwa sikuwa na mbuzi mwingine. Mwenyekiti alipotaka kuinuka magoti yalimgomea, akaninyooshea mkono nimvute. Nikamvuta, nikiwa nimesimama kwa mguu huu huu. Mke wangu peke yake ndiye aliyecheka.

Afisa wa kazi alikuwa Mwislamu wa pale pale mjini, mtu mpole, mwenye Kiswahili safi hata nikaona haya kufungua mdomo. Alinipa kiti, akanisikiliza bila haraka. Akauliza mguu ulipooza lini, nikasema utotoni. Akauliza kama ushirika uliniajiri nikiwa hivyo, nikasema ndiyo. Na nilikuwa nikichelewesha watu tangu siku ya kwanza? Nikasema sijawahi kumchelewesha mtu.

Akaegemea kiti, akanitazama kwa huruma.

"Sasa mzee wangu," akasema, "mguu ni ule ule na kazi ni ile ile. Kumebadilika nini hata wakufukuze?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu, na kalamu yake ilikuwa tayari. Nikawaona wakwe wameketi nyumbani kwangu, na upande wangu viti vitupu.

"Afisa," nikasema, "hiyo swali iko na jibu. Lakini wacha kwanza nirudi nyumbani niombe ruhusa."