Nilisema Maji Yametoka

Admin, jina langu libaki kwako. Hii kitu sijawahi kuambia mtu yeyote, hata mama. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu shule ya bweni, na sasa niko nyumbani likizo, upande wa Ruiru. Mimi si mtu wa kuongea. Wageni wakija huwa najifanya naosha vyombo hata kama ni visafi. Kwa hivyo mnisamehe nikiandika ndefu, ni kwa sababu kwa mdomo siwezi.

Baba ana pikapu ya zamani, imenizidi umri kwa mbali. Anabebea wafugaji chakula cha kuku kutoka Thika, na ndiyo inanisomesha. Huwa inalala chini ya mti wa mukima, na majani yakianguka yanaingia kwa ule wavu ulio chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinalala. Ndani ya wavu kuna mfereji, na kila upande wa mfereji kuna tundu la kutoa maji ya mvua. Yanashuka ndani ya bodi, yanatokea nyuma ya gurudumu la mbele. Majani yakiziba hapo, maji yanakosa njia, yanamwagika ndani ya gari.

Fundi wa baba, mzee wa kutoka Magharibi aliyekuwa na banda la gereji pale Witeithie, ndiye alinifundisha kusafisha, kwa sababu mkono wangu ni mdogo, unafika mpaka mwisho. Alikuwa ananiita daktari wa maskio. "Gari ni kama ng'ombe, daktari. Ikinywa lazima ikojoe. Mwaga jagi moja hapa juu, kisha uiname uangalie huku chini. Isipokojoa pande zote mbili, usiniambie umemaliza." Mimi nisiyecheka na watu, nilikuwa nacheka na yeye.

Likizo ya Aprili mfereji ulipatikana na kutu. Fundi akaikata yote, akachomelea bati jipya, akapaka rangi. Siku mbili nzima. Jumamosi iliyofuata nikaingiza mkono kutoa majani kama kawaida, na kitu cha joto kikanipita juu ya vidole. Panya. Harufu ya chakula cha kuku inawaita, na walikuwa wanapandia kwa yale matundu. Nilipiga nduru nikaanguka chini. Baba akacheka akiwa mlangoni, "Ngai! Leo daktari ameogopa mgonjwa!" Niliona aibu sana, na nikajua huo mkono siingizi tena. Baba alipoingia kunywa chai, nilichukua sweta yangu ya shule iliyochakaa, nikaikata vipande viwili, nikavisukuma kwa kijiti ndani ya matundu mpaka vikakaza. Nikajiambia nimefungia panya nje. Maji sikumwaga.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Baba akitoka Thika na mzigo, moshi ukatoka chini ya dashibodi na gari ikazima barabarani. Maji yalikuwa yamejaa mfereji yakaingia kwa nyaya. Gari ikavutwa mpaka kwa fundi, na mama akanituma nimpelekee baba nguo kavu. Nilimpata akipiga kelele mbele ya wateja. "Hapa ulichomelea na nini? Uji?" Watu wakacheka. Fundi aligeuka akaniangalia, akaniuliza polepole, "Daktari, Jumamosi ulimwaga maji?"

Nikasema ndiyo.

"Yakatoka pande zote mbili?"

Nikasema yametoka.

Laiti angebisha. Laiti angefungua fenda, lile bati la juu ya gurudumu, hapo hapo aangalie. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua, kisha akamwambia baba, "Basi mzee wangu, kama mtoto ameona yakitoka, yamevuja pale nilipochomelea, kosa ni langu. Macho yamezeeka." Aliniamini mimi kuliko kazi yake mwenyewe! Na mimi nikasimama hapo nimeshika mfuko wa nguo.

Baba alisimulia hiyo hadithi ya kuchomelea na uji kwa kila mfugaji, na hata kanisani. Nilirudi shule nikidhani itapoa. Tulipofunga shule, nilipita Witeithie nikakuta kwa lile banda mama mmoja anauza viazi. Nikamuuliza fundi yuko wapi. "Yule mzee? Aliuza mashine yake ya kuchomelea akaenda kwao. Watu waliacha kumletea magari. Hata yakija alikuwa anayarudisha, anasema haamini macho yake tena." Namba yake nimejaribu kila siku. Haiingii.

Pikapu ilibadilishwa nyaya na bado inalala chini ya mukima, lakini maji yanazidi kuingia, sakafu imeoza. Leo mchana baba ameleta fundi mwingine, na naandika haya nikisikia spana ikifungua fenda. Shuleni kwetu kila nguo lazima ishonwe jina. La kwangu, hata kwa ile sweta, mama alilishona kwa uzi mweupe, ndani ya kola, herufi kubwa. Nimekumbuka asubuhi hii tu, nikikunja nguo.

Spana imenyamaza. Huyo fundi mpya anacheka, "Mzee, mnafugia nguo humu ndani?" Baba hacheki. Nimemsikia akisoma jina langu lote, polepole, vile huwa linasomwa siku ya matokeo.

Sasa viatu vyake viko kwenye korido. Siku zote akija naficha simu chini ya mto. Leo naiacha wazi mkononi, asome akitaka. Si yeye naogopa tena. Yeye nitamwambia, na atanifanya vile ataamua. Lakini nyinyi mlio wengi, nishaurini: yule mzee nitampata wapi, na nikimpata, nitamrudishia vipi macho yake?