Nilihamisha blog kwa wivu, nusura nipoteze maneno ya mama yangu

Wakuu, chamgei, hamjambo.

Hii imenipata mimi mwenyewe, mwezi uliopita, na sijaipunguza hata pale inaponiaibisha. Mtacheka. Ni sawa tu.

Mimi ni mkulima wa chai hapa Sigowet. Nina blog ya chai, mwaka wa sita sasa. Wasomaji ni watu wa kituo chetu cha kuuzia majani na wengine wachache.

Kuna makala kumi na moja humo ambazo si zangu kabisa. Mama alikuwa akisimulia jinsi walivyopanda chai ya kwanza pale nyumbani, mimi naandika, moja kwa moja ndani ya blog. Mama ametuacha. Nakala nyingine sina popote.

Sasa, kuna dada anaitwa Chelangat, wa Ndanai. Anafuga ng'ombe wa maziwa. Mimi ndiye nilimfundisha kufungua blog, kwenye darasa la vijana kanisani, na mpaka leo ananiita mwalimu.

Blog yake ikanipita. Inafunguka haraka, picha safi, comments zimejaa. Akina mama wa Merigi wakamwalika awafundishe kutengeneza silage, yale majani ya ng'ombe ya kuhifadhi. Mimi hata kituo changu cha majani hakijawahi kunialika niseme neno.

Siku moja nikamkuta mke wangu jikoni anasoma simu huku anatabasamu. Nikadhani ni blog yangu.

"Ona venye huyu Chelangat ameeleza," akaniambia. "Hata mimi nimeelewa!"

Hata yeye! Miaka sita hajawahi kuniambia ameelewa kitu.

Wivu ulinishika, wakuu. Sitautafutia jina lingine.

Nikaingia kwenye blog ya Chelangat, nikaandika comment kwa jina la Mkulima Halisi: "Huyu dada hajawahi kukamua ng'ombe. Anakopi tu." Fomu iliomba email, nikajaza yangu, maana wameandika kwamba haitaonyeshwa. Nilisikia raha kwa kama nusu saa hivi.

Halafu nikaamua nami nihamie hosting anayotumia yeye, ili blog yangu ikimbie kama yake. Nimuulize jinsi ya kuhama? Mimi? Mwalimu?

Kwa wasiojua: domain ni jina la blog. Hosting ni mahali makala na picha zinakaa. Ni vitu viwili, na unaweza kuhamisha kimoja kingine kibaki. Mimi nilidhani jina likienda, vyote vinalifuata.

Na hapo ukulima wangu ndio uliniponza. Chai ikizeeka unaipogoa, unakata kabisa, na inachipuka na nguvu mpya. Nikafanya hivyo hivyo. Asubuhi nikalipia hosting mpya, nikacancel ya zamani, nikabadilisha nameserver ili jina lielekee kwa hosting mpya, kisha nikaenda kuchuma majani nikingoja blog ichipuke.

Niliporudi nikakuta ukurasa mweupe, na salamu moja ya Kizungu iliyowekwa na mashine.

Hakuna chai. Hakuna mama.

Nilikaa siku tatu nikijiambia itarudi yenyewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu kumpigia Chelangat. Siku ya nne nikabeba laptop mpaka Ndanai.

Alinipa kiti na maziwa ya mursik, akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Mwalimu, ulifanya backup kwanza?"

"Hapana."

"Na ya zamani ukacancel same day?"

"Ndiyo."

"Woi. Ungeniita siku hiyo hiyo. Hawa watu hukaa na files siku chache tu, halafu wanafuta."

Akapigia hosting yangu ya zamani. Wakasema files bado ziko, tumebahatika, lakini lazima watume code kwa email ya mwenye akaunti.

"Email gani, mwalimu?"

Nikamtajia. Akaanza kuandika, akasita katikati. Akanitazama kidogo, akamalizia.

Mimi bado sikuwa nimeelewa, nilikuwa nawaza mama tu.

Code ikaja. Akapakua files zote, akazipandisha kwa hosting mpya, akafungua makala moja moja kuhakikisha. Ya mama zote kumi na moja zilikuwa pale. Nililia, sitaficha.

Akanisindikiza mpaka gate.

"Karibu tena, Mkulima Halisi," akasema. "Siku moja ukuje asubuhi, unione nikikamua."

Wakuu, ile email haionyeshwi kwa wasomaji. Mwenye blog anaiona. Nina blog miaka sita, na hilo nalijua vizuri kabisa. Wivu ulinisahaulisha.

Basi mkihama: backup kwanza, yaani nakala ya kila kitu, pandisha kwa hosting mpya, hakikisha kila kitu kinafunguka, badilisha nameserver, na ya zamani cancel mwisho kabisa. Na uwe na mtu wa kumpigia.

Ile comment bado iko kwenye blog yake. Hajaifuta na hajaijibu. Mke wangu ameshaiona, ananiuliza ni nani huyu mwenye roho mbaya hivi.

Na wivu, niseme ukweli, haujaisha wote.

Chelangat anakamua saa kumi na moja asubuhi. Wewe ungekuwa mimi, ungeenda?