Masikio ya Kipilipili

Nywele za mbwa aliyelowa zikianza kukauka juani hutoa harufu nzito, ya tope, nyasi zilizooza na jasho. Watu wengi huikimbia. Mimi nikiisikia hujiona niko Msanzi, mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unapenya sweta na mahindi yamekaukia shambani. Mwaka ule mama alijifungua mapacha huku mjini Majengo. Kwa kuwa mikono ilikuwa michache, nikapelekwa kwa mjomba Deusi, mdogo wake mama, nikakaa kwake na mkewe toka masika hadi ulezi ulipoingia ghalani. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, nikilia kila jioni kwa kukumbuka kwetu. Aliyenituliza hakuwa mtu.

Alikuwa mbwa mrefu, mweusi tii, mwenye mkia kama fimbo na manyoya yaliyojisokota vijiviringo vidogo vidogo mwili mzima, isipokuwa usoni na miguuni chini. Aliachwa na Mzungu mmoja fundi wa visima, ambaye mjomba aliwahi kumfanyia kazi. Jina lake la kwao lilitushinda kutamka, na kwa kuwa nywele zake zilikuwa kama zetu, watoto wa Msanzi wakamwita Kipilipili. Mjomba alinieleza kwamba huko Uingereza mbwa wa namna ile walizalishwa kwa kazi moja: ndege akipigwa risasi akaangukia majini, mbwa humfuata na kumleta. Nami niliona kwa macho yangu. Mjomba alikuwa na gobori lenye kibali, na bonde la majimaji chini ya shamba lilijaa bata. Bunduki ikilia, Kipilipili hujitupa kwenye maji ya baridi ambayo sisi hata vidole hatukutia, akarudi akiogelea kichwa juu, bata mdomoni. Ajabu ni kwamba hakumtoboa hata ngozi. Siku moja alimletea mke wa mjomba yai la kanga kutoka vichakani, akaliweka miguuni pake bila ufa.

Kumtunza kulikuwa na desturi zake, na mjomba alizishika kama mtu anavyoshika sala. Hakumchana kwa kitana, maana vile viviringo vikichanwa hufumuka akawa kama kichaka. Alimlowesha tu, akamsugua kwa viganja, akamwacha jua na upepo vimkaushe. Kupe aliwatafuta kwa vidole, kiviringo kwa kiviringo. Kila siku alimtembeza mbali, kwa sababu mbwa yule akikaa bure alihuzunika na kutafuna milango. Zaidi ya yote, kila alipotoka majini mjomba alimkalisha, akayainua yale masikio yaliyolala na kuyafuta ndani kwa kipande cha kitenge kikuukuu mpaka yakauke kabisa. Baadaye kazi hiyo akanipa mimi. Kipilipili hakuwa mbwa wa kujipendekeza kwa kila mgeni, lakini nilipomfuta masikio aliniegemea kwa uzito wake wote, nami nikasahau kulia.

Mavuno yalipoanza, vifaranga na kuku wa Mama Skola wakaanza kupotea. Mama Skola alikuwa jirani yetu, mjane, na kuku wale ndio waliomlipia ada za watoto. Asubuhi moja akaja uani kwa mjomba anahema, nyuma ya Kipilipili aliyekuwa anatembea kwa madaha, tetea wake mdomoni.

“Deusi! Nimemwona mwenyewe! Utasema nini leo?”

Mjomba alimwamuru mbwa aachie. Tetea akasimama, akajikung'uta mabawa, akaenda zake akilalamika.

“Dada, mwangalie, yuko mzima. Huyu ameokota tu. Ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.”

“Huyu mzima. Wale wengine wako wapi?”

Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kabla ya jioni kitongoji kizima kilikuwa na neno moja: mbwa aondoke, au auawe. Mjomba angeweza kubisha. Lakini mume wa Mama Skola alikuwa rafiki yake, na mjomba mwenyewe ndiye aliyembeba kwenda makaburini. Hakutaka kugombana na mjane wake kwa ajili ya mbwa. Kesho yake akampakia kwenye lori lililokuwa linakwenda kuchukua dagaa Kirando, akampeleka kwa mvuvi aitwaye Zeno, ambaye waliwahi kufanya kazi pamoja. Aliporudi alijaribu kunichangamsha. “Kule kuna ziwa, mwanangu. Ataogelea mpaka achoke.” Mimi niliamini. Nadhani naye aliamini.

Wiki chache baadaye mtego wa Mama Skola ukanasa kicheche, manyoya ya kuku bado yako kwenye meno. Mama Skola hakungoja kusemwa. Alikuja na unga wa ulezi kwenye ungo, akapiga magoti mlangoni, akasema, “Shemeji, nilimsingizia. Nenda kamchukue.” Mjomba akamwinua, na siku hiyohiyo tukapata lori, mimi na yeye.

Zeno alitukuta ufukweni, kati ya dagaa walioanikwa mchangani. Hakutuficha kitu. Mbwa alipenda maji kupita kiasi, alisema, alishinda ziwani toka asubuhi, na watoto walimpenda. Kisha akaanza kutikisa kichwa, kutikisa kichwa, masikio yakatoa usaha, akawa hasikii akiitwa, akaacha kula. Walidhani amerogwa. Walikuwa wamemzika juzi.

Mjomba alikaa palepale mchangani. “Masikio,” akasema. “Zeno, sikukwambia habari ya masikio.” Alirudia maneno hayo njiani, taratibu, si kwa kunieleza mimi. Haraka haraka haina baraka, na siku ile ya kumwondoa alikuwa na haraka ya kuondoka kabla hajabadili nia.

Siku hizi bonde lile limelimwa mboga mpaka katikati, na bata hawaji. Mjini kwetu maduka ya dawa za mifugo yapo, na kila mtu ana simu. Neno lile moja la masikio lingefika Kirando kabla maji hayajakauka kwenye manyoya. Mjomba ni mzee sasa, na hakufuga mbwa tena. Juzi nilimpigia kumwamkia, nikamwambia mwanangu wa mwisho anang'ang'ania kufuga mbwa.

“Mpe,” akasema. “Ila mwambie siku akilazimika kumtoa, asiende kwa haraka. Akae na yule anayempokea, wanywe chai, amweleze yote.”

Nikamjibu, “Nitamwambia, mjomba.” Hakukata simu, nami sikukata.